Maisha ya 'Makhahliso Letlatsa, Mwenyekiti wa Barabara ya Ha Mohlanka (1946–2023)

Chifu wetu, wachungaji, wakwe zetu, majirani wa Ha Mohlanka, na nyote mliopanda mlima na baridi hii ya Mei kuja kumsindikiza mama yetu: familia ya Letlatsa inawashukuru. Mimi ni Matseliso, binti yake. Ndugu zangu wamenipa kazi ya kusoma kwa sababu, wanasema, mimi silii haraka. Tutaona.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1946 katika kijiji cha Ha Rantsimane, ng'ambo ya mto, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Tlhoriso Moqasa na mkewe, 'Malebona. Wazazi walimwita Selloane. Baba yake alifuga kondoo wa sufu, mama yake alikuwa fundi wa kuezeka nyasi, na mpaka uzeeni marehemu hakuweza kupita chini ya paa la mtu bila kuinua macho kulikagua.

Alianza shule ya misheni mwaka 1954. Kaka zake walikuwa malishoni na mifugo, hivyo kama ilivyokuwa katika nyumba nyingi huku kwetu, wasichana ndio waliopata kusoma. Alimaliza darasa la sita mwaka 1961. Kuna kisa cha siku hizo ambacho mama mkubwa Lebona, dada yake, hachoki kukisimulia. Mkaguzi wa shule alikuja kutoka Maseru, akasikiliza watoto wakiimba, akawapa mkono walimu, kisha akauliza kama kuna mwenye swali, kama wageni wanavyouliza wakiwa tayari wameshika kofia. Selloane akasimama.

"Na wewe ukitoka hapa, unakwenda kusema nini juu yetu?"

Mwalimu alimfagilisha uwanja mzima kwa utovu wa adabu. Lakini mkaguzi alirudi kuketi, akawaeleza watoto kila kitu alichokusudia kuandika, pamoja na vyoo. Marehemu alikuwa akisema kwamba fagio lile lilikuwa jepesi.

Mwezi Februari 1966 aliolewa na Tsoloane Letlatsa wa hapa Ha Mohlanka, kijana aliyekuwa mchimbaji katika migodi ya Welkom, Afrika Kusini. Kama desturi yetu ilivyo, wakwe walimpa jina jipya siku alipoingia nyumbani: 'Makhahliso, yaani mama yake Khahliso, kabla hajabeba hata mimba. Jina la mtoto wa kwanza hutangulia, mtoto mwenyewe hufuata.

Khahliso alifuata Julai 1967. Alikuwa msichana. Hakumaliza mwezi. Baba alikuwa chini ya ardhi huko Welkom na hakumwona. Mtoto mchanga kwetu huzikwa na wanawake, bila jiwe na bila mkutano, kwa hiyo bibi yetu na marehemu walimzika wawili peke yao, karibu na mshubiri ulioota nje ya ua wa zamani wa familia. Jina lilibaki. Tangu siku ile, kila aliyemwita mama yetu kwa heshima alikuwa akimtaja mtoto yule, naye aliitika. Mimi nilizaliwa mwaka 1969, nikaitwa Matseliso, yaani Faraja. Nilijua nilitanguliwa na dada. Alipolazwa sikupajua, na sikuwahi kuuliza. Baada yangu walikuja Khoarai mwaka 1972 na Lipuo mwaka 1976.

Mwaka 1979 marehemu alifundishwa kazi ya mhudumu wa afya wa kijiji, na aliifanya kwa miaka ishirini na tisa. Wengi wenu mliosimama hapa mlipokelewa na mikono yake. Mjamzito akishindwa kujifungua, ilibidi abebwe kwa machela ya fito na blanketi hadi barabara kuu, kupitia kipito cha mlima, wanaume wakipokezana, mama akitembea pembeni amemshika mgonjwa mkono. Mwaka 1991 walimpoteza mzazi kijana palepale kwenye kipito, theluji ikianguka. Marehemu alirudi na mtoto ndani ya blanketi lake, kifuani. Mtoto huyo ni Tumelo, ambaye mmemsikia akiongoza nyimbo asubuhi hii.

Baba yetu alirudi kutoka migodini na mapafu mabovu, akafariki Oktoba 1998. Marehemu alimuuguza mwenyewe. Hakuolewa tena. Alipoulizwa, alisema mume mmoja anatosha kwa mtu mwenye kazi.

Sasa niseme habari ya barabara, maana chifu ameniomba nisiipite haraka.

Mnalikumbuka tangi la maji. Watu wema walikuja mwaka 1996, wakajenga tangi zuri la mawe, wakapiga picha, wakaondoka. Bomba lilipovunjika hatukujua la nani, wala nani wa kuitwa. Ng'ombe wakanywa topeni, na tangi likawa mahali pa mbuzi kujikinga upepo. Kwa hiyo chifu alipoitisha mkutano Machi 2008 kutangaza kwamba barabara itakatwa kutoka barabara kuu mpaka hapa, watu walipiga vigelegele, lakini marehemu alisimama.

"Tunashukuru," alisema. "Lakini tangi tulilipokea tumekaa, tukalikosa tumekaa. Hii barabara naomba tuipokee tumesimama. Tuchague watu wetu. Wawe kila siku kazini, waulize, waulizwe, na wakijua jambo walilete hapa mbele ya wote."

"Na mkandarasi akikataa kuulizwa?" mtu mmoja akapaza sauti nyuma.

"Atakuwa amekutana na mimi."

Watu wakacheka, wakamchagua mwenyekiti. Makamu wake alikuwa 'Malerato Sekoati, jirani yetu. Mhandisi, Bwana Phafoli, alikuwa kijana mpole kutoka Maseru. Wiki ya kwanza alidhani kamati ni ya kumletea chai. Wiki ya pili alikuwa akija mwenyewe nyumbani, anakula ugali na mboga, anachora mchoro kwa kijiti kwenye majivu ya jiko ili kina mama waelewe. Kamati ndiyo iliyopanga nyumba ipi itoe mfanyakazi, ili kazi isiende kwa jamaa za chifu tu. Chifu yupo, anatabasamu, anakumbuka alivyokasirika.

Tatizo likaja. Vigingi vya wapimaji vilipita katikati ya makaburi ya zamani. Kamati ilikwenda nyumba kwa nyumba, kwa kila familia yenye mtu wake pale. Wengine walikubali makaburi yahamishwe, wakataja ng'ombe wa kuchinjwa na sala za kusomwa. Aliyekataa alikuwa Mzee Sebolai Makara. Mkewe alilala pale tangu 2003.

Mkandarasi hakuwa na subira. Alisema wazi kwamba kama njia haijulikani kufikia mwisho wa mwezi, mashine zitakwenda bonde jingine linalosubiri. Watu wakaogopa, na mtu mwenye hofu huwa mkali. Katika mkutano uliofuata walimzunguka Mzee Sebolai kwa maneno. Mmoja akamwambia atawaua wajawazito wetu kipitoni kwa ajili ya mifupa.

Mzee akasimama. Akaegemea fimbo yake.

"Sikumzika," alisema. "Mnakumbuka? Nilikuwa mgodini. Nilipofika, kaburi lilikuwa limeshafukiwa, na nyinyi mmeshakula. Mke wangu nimemjua pale kama lundo la mawe tu. Leo mnaniambia nimfukue? Nianze kumwona hivyo?" Kisha akamgeukia marehemu. "Na wewe mwenyekiti unaongoza haya kwa raha. Wewe huna kitu pale."

Nilikuwa nimekaa karibu na mama. Nilimwona akivuta blanketi mabegani. Alisema tu, "Mzee amekataa. Tuliuliza, ametujibu. Kama jibu la hapana halikubaliki, basi hatukuwa tunauliza, tulikuwa tunaarifu. Bwana Phafoli, njia inaweza kupinda?"

Mhandisi alisema inaweza, upande wa chini, lakini hapo mteremko ni mkali na utahitaji ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, na ukuta huo haumo katika mpango wala katika fungu lake.

"Mawe tunayo," marehemu akasema. "Tuna mawe kuliko kitu kingine chochote katika nchi hii."

Hivyo ndivyo Ha Mohlanka ilivyobeba mawe majira yote ya baridi ya mwaka 2008. Mnajua wenyewe. Wanaume kwa mikokoteni ya ng'ombe, kina mama kwa mabeseni, watoto wakitoka shule kila mmoja na la kwake mkononi. Bwana Phafoli aliwafundisha vijana kupanga ukuta, na wanne kati yao mpaka leo wanaishi kwa ufundi huo. Mzee Sebolai hakusema asante. Alikuja tu kila asubuhi, akakaa juu ya ukuta, akachagua mawe kwa jicho, akikataa mabaya.

Septemba ukuta ulikuwa tayari, na wapimaji wakaweka vigingi vipya. Asubuhi tingatinga lilipowashwa, marehemu alikuwa akikagua mstari mpya na wanakamati. Akafika karibu na mshubiri, akasimama. Vigingi viwili vilikuwa upande wa huku, viwili upande wa kule.

Bibi alikuwa amefariki zamani. Duniani hapa hapakuwa na mtu mwingine aliyejua. Angeweza kuendelea kutembea, na barabara ingepita, na sisi sote tungeshangilia juu yake.

Alikwenda akasimama mbele ya mashine na kuinua mkono. Dereva akazima injini, akachungulia.

"Mama, kuna nini tena? Si mlishakubaliana?"

"Kuna mtoto," mama alisema.

Dereva akaruka chini akaanza kutazama chini ya magurudumu. "Yuko wapi? Mtoto wa nani?"

"Wangu. Alizaliwa mwaka sitini na saba. Yuko hapa ulipoelekea."

Sote tulikuja mbio. Nilipofika nilimkuta amesimama mikono imelegea, na 'Malerato amemshika kiwiko. Bwana Phafoli alikuwa amebadilika rangi. Akasema, "Mama, tunaweza kupinda tena kidogo. Nitaongea na mkandarasi."

"Ukipinda tena utaingia shamba la 'Mabatho, na yeye hujamuuliza. Usipinde." Kisha akasema, "Lakini kila mwenye kaburi katika kazi hii aliulizwa. Na mimi niulizeni."

"Mama, wewe ndiye mwenyekiti," 'Malerato akasema huku analia. "Tukuulize vipi?"

"Kama mlivyowauliza wengine."

Basi kamati ikakaa palepale juu ya mawe, na 'Malerato akasimama kuongoza. Alifuta uso kwa ncha ya blanketi, akaanza: "'Makhahliso, kamati inakuomba—"

"Unaniuliza vibaya," mama akamkata. "Kwa Mzee Sebolai mlikwenda mmevua kofia."

Bwana Phafoli akavua kofia yake ya kazi. Dereva akavua yake. Wanaume wote wakavua, wakasimama vichwa wazi kwenye upepo ule, na hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine tungecheka.

"'Makhahliso Letlatsa," 'Malerato akasema, "barabara inataka kupita alipolala mtoto wako. Kamati haina haki ya kumgusa bila wewe. Unasemaje?"

Mama aliutazama mshubiri mpaka nikadhani atakataa. Na ninawaambia leo, wakati ule niliomba moyoni akatae.

"Nasema ndiyo," alisema. "Lakini kesho mashine inyamaze kutwa nzima. Nataka wanawake peke yao. Na nataka aitwe kwa jina, maana hakupata mtu wa kumwita."

Kamati ikakubali. Ikabaki swali la kumpeleka wapi. Ndipo Mzee Sebolai akashuka kutoka kwenye ukuta wake, polepole, fimbo mbele.

"Mleteni kwa mke wangu," alisema. "Pana nafasi ubavuni mwake. Alikuwa anapenda watoto wa watu." Kisha akamtazama mama. "Nilikwambia huna kitu pale."

"Ulisema."

"Mbona hukunijibu? Ungenimaliza siku ile mbele ya watu wote."

"Ulikuwa unamsema mkeo, Baba. Ningemtaja mwanangu ungenyamaza, halafu ungesema ndiyo kwa aibu. Mimi barabara ya ndiyo ya namna hiyo nisingeweza kuipita."

Mzee akatikisa kichwa. Akavua blanketi lake, lile zuri la kutokea, akamkabidhi. "La kumfungia," alisema, akaenda zake na shati tu.

Kesho yake mashine ilinyamaza. Tulikuwa wanawake peke yetu, wakubwa na wadogo, na nilichimba kwa mikono yangu pamoja na Lipuo. Hatukukuta kingi. Udongo mweusi kidogo kuliko mwingine, na shanga za buluu ambazo bibi alimfunga kiunoni. Mama aliuchota udongo ule kwa viganja, akauweka kwenye blanketi la Mzee Sebolai, akaukunja kama anavyokunjwa mtoto. Kisha akainama akaliongelesha lile furushi, si kwa sauti ya sala, kwa sauti ileile aliyotuitia sisi tule.

"Khahliso, mwanangu, tunahama. Si mbali. Twende."

Na wanawake wote wakasema, "Khahliso, twende." Tulimpeleka, tukamlaza. Njiani mama alinipa furushi nimbebe kidogo. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, na ndiyo mara ya kwanza nilimshika dada yangu.

Barabara ilifunguliwa tarehe 17 Aprili 2010. Hotuba zilikuwa nyingi. Marehemu alipopewa nafasi alisema, "Mifereji izibuliwe kabla ya mvua za Oktoba. Zamu ya kwanza ni upande wa juu," akakaa. Zamu hizo zinaendelea. Tangu mwaka huo gari la wagonjwa linafika mpaka kisimani, na machela ya fito iko ukutani kwa 'Malerato, anaanikia mahindi.

Alikuwa mama mkali na mwenye mzaha. Alipika mkate wa chunguni ambao hakuna aliyeweza kuuiga, na akiulizwa siri yake alisema siri ni kutofungua kifuniko ovyo. Aliwapenda wajukuu kupita kiasi na kuwanyima sukari kupita kiasi. Alikuwa mshirika mwaminifu wa kanisa letu, na alisinzia katika mahubiri marefu bila kuficha. Mchungaji, alikuomba radhi mwenyewe, nami narudia kwa niaba yake.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka 2019. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Madaktari wa hospitali ya wilaya walimtibu kwa upendo, na tunawashukuru. Mwaka jana, kijiji kilipopata mradi wa madarasa mawili mapya, kamati ilikuja kando ya kitanda chake kumwomba maoni. Aliwasikiliza, akawapa kikombe cha uji mchachu wa mtama kila mmoja, halafu akasema, "Mimi sitasoma humo. Waulizeni watakaosoma." Wakaenda kuwauliza watoto. Watoto wakaomba madirisha yawe chini, ili wakiwa wamekaa waione mifugo yao malishoni. Marehemu aliposikia alicheka mpaka akakohoa. Madirisha yako chini. Mtayaona mkishuka.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 11 Mei 2023, Lipuo alikuwa akimwosha miguu kwa maji ya uvuguvugu. Akamuuliza, "Nje kuna nini?"

"Kuna jua, Mama."

"Basi mbona mnaniweka humu?"

Khoarai na mwanawe walimbeba na kiti chake mpaka ukutani upande wa mashariki, tukamfunika mablanketi mawili. Alisema nywele zangu zimekaa vibaya. Nilikwenda ndani kuchukua kitana, na niliporudi alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, macho yamefumbwa, jua limemjaa usoni. Tulidhani amelala. Tulimwacha alale kidogo.

Marehemu alitanguliwa na mumewe, Tsoloane, na binti yake wa kwanza, Khahliso. Ameacha watoto watatu: mimi Matseliso, Khoarai na Lipuo, wakwe wawili, wajukuu saba na kitukuu mmoja, dada yake mkubwa, Lebona, ambaye hakuweza kupanda mlima lakini ametuma blanketi, na kijiji hiki chote, ambacho kilimwita mama.

Mama, tumefika. Pumzika kwa amani sasa. Hakuna anayekuharakisha.